Msamaha Uliosomwa Mtaani

"Futa!"

"Nimeshafuta, dada. Nikwambie mara ngapi?"

"Umefuta nini? Kama umefuta, yule fundi viatu alikuwa ananisomea nini asubuhi hii? Kasimama katikati ya njia, simu mkono huu, kiatu cha watu mkono huu, ananisomea kwa sauti kama anatangaza mpira!"

"Hiyo aliipiga picha kabla sijafuta. Sasa mimi nitaingiaje kwenye simu ya mtu?"

"Mbona kuingia chumbani kwa baba yako ulijua njia!"

Hapo Kalamu akaiweka simu yake kwenye kiti cha pembeni. Kalamu ndilo jina alilopewa na mtaa tangu yuko shule, enzi hizo likiwa la sifa. Siku hizi dada yake akilitamka unaweza kudhani anatema punje ya pilipili. Dada mwenyewe anauza kwenye duka la dawa, na alikuwa hajavua hata koti lake jeupe. Alimwachia mwenzake kaunta, akaja nyumbani mbiombio kugombana, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Kalamu alikuwa bado hajajua hicho cha mkononi kimevuliwa kwa joto au kwa ajili yake.

"Punguzeni sauti," mama akasema. "Baba yenu anasikia."

"Asikie! Si mtaa mzima unasikia? Leo anauza vifaa vyake, mama. Vifaa vyake! Yule fundi wa ng'ambo ya barabara anakuja kuvichukua jioni, halafu huyu amekaa hapa ananiambia ameshafuta."

Kalamu akageuka. "Anauza vifaa? Nani kasema?"

Mama alikuwa amekaa mezani, mikono kaificha chini ya meza, mapajani, kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu. Wote watatu wakautazama mlango wa chumbani. Ulikuwa umefungwa tangu jana. Na kule kwenye kona, kibanda nacho kimefungwa, kibanda ambacho hata siku bibi alipofariki kilifunguliwa nusu siku, kwa kuwa kuna mtu alikuwa na safari na saa yake ilikuwa tayari.

Basi, usije ukapotea: baba yao ni fundi saa. Hapana, si hizi saa za kubadilisha betri ukaenda zako. Yeye ni za ukutani, za kujazwa ufunguo, za mkononi zenye vidude ndani ambavyo ukipiga chafya utavitafuta mpaka kesho. Kibanda chake kiko kati ya fundi viatu na muuza vocha. Mtu anamwachia saa ya marehemu baba yake na wala haulizi itakuwa tayari lini. Na ikiwa tayari, mzee hakupi mkononi. Kwanza anakuegeshea sikioni. Anasema, "Isikilize." Anakutazama usoni mpaka utabasamu, ndipo anakukabidhi. Ndivyo alivyofundishwa na aliyemfundisha, na mji mzima hakuna fundi mwingine anayefanya hivyo.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Mwanzoni kidogo tu, kama mtu aliyeshika simu inayoita. Baadaye ikawa skrubu ikimponyoka anajifanya anatafuta miwani. Daktari akasema mishipa, akaandika dawa, dawa nazo zikafanya zilichoweza, yaani zikampa usingizi.

Aliyemstiri ni mama. Miaka yote alikuwa akikaa naye akimshikia taa, na kushika taa nako ni shule, ukiwa na macho. Basi wakapangana. Mzee anakaa kibandani na kile kioo chake cha kukuzia kimebanwa jichoni, anapokea saa, anaifungua, anaisikiliza, anajua ugonjwa wake, maana sikio halitetemeki. Mchana chakula kinaenda kwenye bakuli lenye mfuniko. Bakuli likirudi limebeba saa, zimeviringishwa kwenye kitambaa. Mama anakaa dirishani penye mwanga, anazitengeneza. Kesho yake zinakwenda tena chini ya chakula. Mbeba bakuli alikuwa Kalamu.

Si wizi, eti? Saa zilikuwa zinapona. Ila mteja alikuwa anaamini mikono aliyoiona, na saa imepita kwenye mikono asiyoijua. Funika kombe mwanaharamu apite. Na kombe lilifunikwa vizuri, likakaa mwaka na ushee bila mtu kuligusa.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kwa bahati mbaya, kata ya nyumba hii ikafungua blogu.

Kalamu alikuwa amemaliza shule, anasubiri chuo kimwite, na chuo kimenyamaza kama mtu anayedaiwa. Kukaa bure kunamtoa mtu upepo. Akaanza kuandika: kuhusu mvua, kuhusu mpira, kuhusu kwa nini wazee wanakohoa kabla hawajabisha hodi. Wasomaji watatu, na mmoja wao ni yeye mwenyewe akiingia kwa simu ya dada yake. Watu wanadhani blogu unaandika, unalala. Thubutu! Blogu ni mbuzi wa kufunga nyuma ya nyumba. Uwe na hamu naye usiwe nayo, asubuhi anataka majani, na usipomletea anakula hata nguo zako kwenye kamba. Kalamu alikuwa anafungua simu kabla hajanawa uso, anahesabu wageni, hakuna. Ananawa, anahesabu tena. Hakuna.

Mpaka siku alipoandika kuhusu mchumba wa dada, anayecheka kabla hajatoa kichekesho, halafu akikitoa anacheka peke yake. Watu wakaja. Wakacheka, wakaitana. Hata mchumba mwenyewe alikuja, akasoma, na tangu siku hiyo hajaonekana. Dada alilia jioni moja, akanyamaza. Kalamu akapata somo, ila si lile ulilodhani wewe. Alichojifunza ni kwamba majani anayoyapenda mbuzi wake yanaota ndani ya nyumba.

Ndipo akaandika kuhusu mzee fundi saa na mikono yake.

Alibadilisha, tumpe haki yake. Baba akawa jirani wa mtaa wa pili. Mama akawa binti wa huyo jirani. Bakuli likawa kikapu. Lakini ile ya kuegesha saa sikioni aliiacha. Kidole kilisita pale, alijua kabisa. Ila ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, na kumwambia mwandishi wa umri ule akate sentensi yake nzuri ni kumwambia mtu ajing'oe jino zima.

Ikaenda. Mungu wangu, ilivyokwenda! Asubuhi alihesabu wageni akadhani simu imeharibika. "Nimelia ofisini." "Ongeza, ndugu mwandishi." "Huyo binti apewe kibanda chake." "Huyo mzee tapeli tu." Akawajibu mmojammoja, hata aliyesema tapeli, eti asante kwa maoni. Alitembea kama ana springi miguuni. Mtu aliyekaa mwaka mzima haitwi popote, leo anaitwa ndugu mwandishi.

Halafu mmoja akaandika: "Mbona huyu ni yule mzee wa kwenye kona? Saa yangu alinisikilizisha hivihivi."

Wateja wakaanza kuja kibandani mikono mitupu, wanaondoka na saa zao ambazo hazijapona. Mmoja akamtaka mzee afungue skrubu moja tu, mbele yake, aone. Mzee akacheka, akasema, "Mafundi saa wako wengi mji huu, bwana, na masikio ni mengi zaidi; huyo wa hadithi atakuwa mwingine." Fundi viatu naye akamtetea, akisema mtoto wa watu katunga hadithi, ninyi mnafungua mahakama? Na pengine yangeishia hapo. Uvumi ni moshi, usipouongezea kuni unajiondokea.

Kalamu akaongeza gogo.

Si kwa ubaya. Roho ilikuwa inamuuma, chakula hakipiti. Na yeye, roho ikimuuma, kuna kitu kimoja tu anachojua kufanya. Akaandika "Baba, Nisamehe". Akaandika huku analia kweli, simu inalowa. Akasema yote: kwamba yule mzee ni baba yangu, yule binti ni mama yangu, kikapu ni bakuli na mbebaji ni mimi. Na kwa kuwa alitaka watu waelewe baba yake ni mtu wa namna gani, akaongeza lile la bafuni, kwamba mzee akizidiwa anaingia bafuni, anafungulia bomba mpaka mwisho, analia, kisha anafunga bomba, anatoka na kusema maji leo yana nguvu.

Akatuma jana yake, wakati wa chai. Akangoja. Alikuwa anawaza mtu atamwonyesha baba, baba atasoma, atakuja, atamshika bega.

Maoni ya kwanza yalikuwa maneno mawili: "Kumbe kweli."

Akafuta. Lakini mtaa una vidole vyepesi.

"Nijibu basi," dada akasema. Sasa alikuwa ameketi, kile kiatu kipo mapajani, na sauti imeshuka, na sauti yake ikishuka ndipo inapotisha. "Ule msamaha ulikuwa unamwomba nani?"

"Baba."

"Baba yuko wapi?"

Kalamu akautazama mlango wa chumbani.

"Yuko wapi, nakuuliza? Yuko ng'ambo? Yuko kwenye simu? Kutoka kitandani kwako mpaka mlango huo, hata mtoto anayetambaa hachoki. Ulishindwa nini kugonga?"

"Niliona aibu."

"Ukaona aibu ya mtu mmoja, hukuona ya mji mzima!"

"Dada, mimi niliandika kwa mapenzi! Watu wamemheshimu mama! Hujasoma walivyomsifu? Hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua kama mama anaweza—"

"Usiniingize mimi humo," mama akasema.

Alisema taratibu, mikono bado iko chini ya meza.

"Jana amekuja mama mmoja, simjui, hodi hodi. Anataka anipige picha. Nikamwambia sijavaa vizuri. Akasema hapana, anataka mikono tu. Mikono tu, mwanangu. Kama miguu ya kuku inavyouzwa peke yake." Hakucheka, ingawa ilikuwa ya kuchekesha. "Na muuza vocha ananiambia, shangazi, kaa wewe pale kibandani, utapata wateja kuliko mzee. Mimi nilikuwa namsaidia mume wangu. Kuna mahali nimesema natafuta kibanda?"

"Hapana, mama."

"Na hilo la bomba," mama akaanza, akaishia hapo.

Dada akaangalia chini. "Fundi viatu alipofika hapo kwenye bomba alinyamaza mwenyewe," akasema. "Akanipa simu nimalizie. Akarudi zake kushona kiatu. Mtu anayecheka mpaka misibani, akaona haya."

"Mimi nilikuwa sijui," mama akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea. "Miaka yote hii na yeye. Kila akitoka naambiwa maji yana nguvu, na mimi nasema alhamdulillahi, leo yana nguvu. Kumbe mtaa umejua kabla yangu."

Hili Kalamu hakuwa amelifikiria hata kidogo. Alimfikiria baba, akawafikiria wasomaji, akafikiria mpaka nukta na mkato. Kwamba mama naye ni mtu asiyejua, hilo halikumpitia kichwani.

"Nitaongea naye," akasema, akainuka. "Nitamwambia asiuze. Nitaifunga blogu yenyewe, yote, leo hii. Nitakwenda kibandani nikae naye, nimshikie taa mimi—"

Mlango ukafunguka.

Mzee alikuwa amevaa vizuri, shati limepigwa pasi, vifungo vyote mahali pake isipokuwa cha juu. Mkononi kabeba lile sanduku lake dogo la bati. Mkono ulikuwa unatetemeka, na vifaa vilikuwa vinagongana mle ndani, chichichi, kama meno ya mtu mwenye homa. Hakuna aliyekimbia kumpokea. Alitembea nalo mpaka mezani, akalitua, na mlio ukakoma.

"Binti yangu," akasema, "hujambo?"

"Sijambo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Wagonjwa umemwachia nani?"

"Mwenzangu yupo, baba."

"Nenda. Mtu akikosa dawa hajali nani kagombana na nani."

Dada akavaa kiatu chake. Alipopita karibu na Kalamu hakumgusa wala hakumtazama. Akatoka, na kwa muda wakasikia viatu vyake njiani.

"Baba," Kalamu akasema. "Naomba unisamehe. Nilikuwa nataka kuja, nikawa—"

"Kaa."

Akakaa.

"Ile ya kwanza fundi viatu alinisomea," mzee akasema. "Hajafika katikati nikajua ni wewe. Umeandika vizuri. Ile ya saa sikioni hata mimi nilikuwa sijawahi kujiona hivyo. Nikakasirika, sikufichi. Lakini nikasema, huyu mtoto anabeba bakuli kila siku, kaona mama yake anafanya kazi na sifa ninachukua mimi, kashindwa kunyamaza. Nikasema sawa. Nitavumilia, watasahau. Kisha jana nikasikia ya pili inasomwa njiani."

"Usiuze vifaa, baba. Tafadhali. Ukifungua kibanda watarudi."

"Vifaa vinakwenda. Nilikuwa natafuta sababu ya kuacha, nikawa naogopa. Sasa sababu nimeletewa." Akajaribu kutabasamu, tabasamu likakataa. "Hilo si kubwa. Kubwa ni jingine. Nina mambo ya kuongea na mama yako. Nilitakiwa kumwambia mimi, kwa mdomo wangu, zamani. Nimekaa mle ndani tangu jana nayapanga. Ila kila nikitaka kutoka, nasikia na wewe upo."

Mzee akamgeukia.

"Sasa nikuulize, kijana."

Kijana. Siku zote alimwita "babu", kwa kuwa jina lake la kweli ni la baba wa mzee mwenyewe, na tangu akiwa mchanga hajawahi kumwita vingine, hata siku za kumchapa. Kijana ni jina la wateja wanaopita kuuliza bei.

"Nikiongea wewe ukiwa umekaa hapo," mzee akasema, "ninaongea na mke wangu, au ninaongea na watu wako?"

"Sitaandika, baba. Naapa. Sitaandika tena maisha yangu yote."

"Najua hutaandika. Sikukuuliza hilo."

Kalamu akafungua mdomo amjibu. Alitaka kusema unaongea na mama, baba, mimi hapa ni mtoto wenu tu, nasikiliza tu. Na alikuwa anaimaanisha kabisa. Lakini pale pale, mdomo uko wazi, akajikuta bado anayageuzageuza yale meno ya mtu mwenye homa. Vifaa vinagongana kama meno ya mtu mwenye homa. Sentensi hiyo aliitunga wakati mzee bado anatembea kuja mezani, kabla hajalitua sanduku, kabla hajajua hata amekuja kusema nini, na kuna mahali ndani yake palikuwa pameshafurahi. Hata sasa alikuwa anajiuliza kama "homa" ni bora kuliko "baridi".

Akafunga mdomo.

Mzee alimngoja. Alikuwa na subira ya kazi yake, anajua kungoja kitu kianze chenyewe au kikatae. Kisha akaona kimekataa, akaitikia kwa kichwa polepole, bila hasira yoyote. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu.

Mama akaitoa mikono yake chini ya meza. Akaiweka juu, kando ya sanduku, viganja chini. Mzee akavuta kiti, akakaa upande wa pili, na ile yake akaiweka pia, ikaendelea kutetemeka pale juu ya mbao, na yeye hakujaribu kuificha. Walikuwa wanangoja.

Kalamu akainuka. Akachukua simu yake kwenye kiti, akaifikiria, akairudisha palepale. Alitaka kusema kwaheri, au nakuja, au chochote kile ambacho watu husema wakitoka, lakini kila neno alilolishika lilikuwa na harufu ya kuandikwa. Mama akamtazama kidogo, jicho la mara moja, kisha akarudisha macho kwa mumewe.

Akatoka nje, akauvuta mlango mpaka akasikia komeo limeingia.